Fundi, Nimesahau

Sentensi ninayoisikia zaidi kazini ni fupi: "Fundi, nimesahau." Mtu anaingia, anaweka laptopu juu ya kaunta polepole kama anayelaza mgonjwa, anaangalia pembeni, halafu anaisema. Hakuna anayeisema akinitazama usoni. Ukisahau mwavuli kwa matatu, utacheka na wenzako. Ukisahau pasiwadi, neno ulilolitunga wewe mwenyewe, kwa mashine uliyoinunua kwa jasho lako, unaona haya kama mzazi aliyesahau jina la mtoto.

Kamusi inasema nywila. Mwalimu wangu wa Kiswahili alisema neno la siri. Lakini kwa muda wote ambao nimekaa kwa hiki kibanda changu hapa Wote, katikati ya duka la mbegu na kinyozi, hakuna hata mtu mmoja amewahi kuniambia amesahau nywila. Hapa ni pasiwadi, na ikipotea ni soo tano.

Acha nieleze hiyo kazi ya soo tano kwanza, maana swali linalonisumbua linatoka humo ndani.

Wateja wengi wanadhani kompyuta imeandika pasiwadi yao mahali fulani, na kwamba mimi nina programu ya kwenda kuisoma. Siyo hivyo. Ukiweka neno lako mara ya kwanza, Windows inalisaga kwa hesabu mpaka linakuwa msururu wa herufi na tarakimu usiorudi nyuma, kama vile unga usivyorudi kuwa punje za mtama. Huo unga ndio unaohifadhiwa, kwenye faili inayoitwa SAM. Kila ukitaka kuingia, mashine inasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Kwa hivyo mimi sikutafutii pasiwadi yako. Ningetaka kuijua ningelazimika kukisia maneno moja baada ya lingine, maelfu kwa maelfu. Ninachofanya ni rahisi zaidi. Ninaiwasha laptopu kwa flashi yenye mfumo mwingine, wa Linux, Windows ikiwa bado imelala, halafu ninafuta kilicho kwenye ile faili. Jamaa mmoja wa Norwei, Petter Nordahl-Hagen, alitoa programu ya kazi hiyo mwaka wa 1997, tena bure. Nikianza chai ikiwa moto, nikimaliza bado ni vuguvugu.

Kuna mashine ambazo hazifunguki hivyo. Kama diski yenyewe imesimbwa kwa BitLocker, yaani kila kitu kilichomo kimefungwa na si akaunti peke yake, utahitaji ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Huna? Basi pole, mimi nitakurudishia laptopu yako na nusu ya pesa. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga namna hiyo zenyewe, mwenyewe hata hana habari. Lakini kwa sehemu kubwa kinacholetwa hapa kwangu ni laptopu za zamani, zile za ex-UK zilizopitia Luthuli Avenue kabla ya kupanda matatu kuja Ukambani. Kwa hizo, pasiwadi si ukuta. Mwenyewe anadhani amejenga ukuta wa mawe, kumbe ameweka matawi ya miiba.

Nasema miiba nikiwa na maana. Mamangu ni wa Kitui, karibu na mto Tiva. Tiva ni mto wa mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka ukiutazama utasema ni barabara pana iliyosahaulika. Maji yako chini. Kiangazi kikikaza, watu wanachimba visima mchangani, wengine vifupi kama goti, wengine virefu mpaka mchimbaji anapotea kichwa. Jioni, susu yangu akishachota, alikuwa anafunika kisima chake kwa matawi ya mgunga. Nikiwa mtoto wa mjini aliyekuja likizo, nilimuuliza kama hiyo miiba inaweza kuzuia mtu. Alicheka. Miiba inazuia mbuzi na punda, aliniambia. Mtu ana mikono.

Nilichukua miaka kuelewa jibu hilo. Mtu ana mikono, ndiyo, anaweza kuondoa tawi moja baada ya lingine na kuchota. Lakini akiyakuta yale matawi, ameambiwa kitu: hapa kuna mwenyewe, alikuwa hapa jana, atarudi kesho. Baada ya hapo hawezi kusema hakujua. Matawi hayakumzuia. Yalimfanya achague.

Pasiwadi ya laptopu ya ex-UK ni hivyo hivyo. Na mimi ndiye mtu mwenye mikono, ninayelipwa kuondoa miiba ya kisima kisicho changu. Sasa swali: nina haki gani?

Kuna siku kijana mmoja aliniletea laptopu nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye stika ya ua kwenye kifuniko. Rika langu, mtu wa heshima, anaongea vizuri. "Fundi, nimesahau." Niliiwasha. Kwenye skrini kulikuwa na jina la msichana na picha yake amevaa joho la kuhitimu. Niliona. Nataka uelewe kwamba niliona. Nikajiambia labda ni dadake, labda aliinunua kwake, labda mambo ya watu si mambo yangu. Kodi ya kibanda ilikuwa imebakisha siku mbili. Nilifuta, nikamrudishia, akanitumia soo tano kwa M-Pesa na hamsini juu ya "chai".

Wiki iliyofuata yule wa kwenye picha alikuja. Sijui nani alimwonyesha kibanda. Hakupiga kelele, hakunitukana, hakutaja polisi. Alisimama pale mlangoni, jua likiwa nyuma yake, akaniuliza swali moja: "Alipokuletea, ulimuuliza nini?"

Nikasema, "Sikumuuliza kitu."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyepata jibu alilotarajia, akaenda. Mpaka leo sijui yule jamaa alikuta nini ndani au alikifanyia nini. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyeondoa miiba.

Najua sheria inasema nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kwamba ukivunja ulinzi wa kompyuta ili uingie, na unajua hujaruhusiwa, unaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mafundi wanashikilia pale kwenye "unajua". Usipouliza, hujui. Usipojua, huna kosa. Ni hesabu nzuri sana, na mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini ukiitazama vizuri utaona shida yake: inageuza kutojua kuwa bidhaa. Mteja ananilipa nifungue, na mimi ninajilipa kwa kufumba macho. Sheria labda itashindwa kunishika hapo. Yule msichana hakushindwa.

Basi nikaanza kuuliza. Na nikagundua kwamba kuuliza kwenyewe si rahisi.

Kwanza, mashine yenyewe inauliza swali moja tu: unakumbuka? Ukikumbuka, wewe ni mwenyewe, hata kama ni mwizi aliyechungulia ukiandika. Usipokumbuka, wewe si mwenyewe, hata kama risiti iko mfukoni. Kuna mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, John Locke, aliyesema kwamba mtu anabaki kuwa yule yule kadiri fahamu na kumbukumbu yake inavyoweza kufika nyuma. Nikisoma hayo nilicheka peke yangu kibandani. Kumbe Windows ni mwanafunzi wa Locke. Wewe uliyeweka pasiwadi mwaka wa 2019, ukiwa na mpenzi mwingine, mtaa mwingine, labda na kilo chache, na wewe unayegonga leo: kama kamba ya kumbukumbu imekatika kati yenu, mashine inakuona mgeni.

Lakini watu hawaishi kwa kamba moja. Mteja aliyesahau pasiwadi hajasahau kwamba herufi E ya kibodi lazima igongwe kwa nguvu. Anajua bawaba ya kushoto ilivunjika lini, na picha ya nyuma ya skrini ilipigwa wapi. Nikaanza kuwauliza hayo. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza, ambaye alikuwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa sita usiku, aliniambia bila kufikiria mafaili matano yaliyokuwa kwenye skrini yake na upande ambako kila moja lilikaa. Nilifungua nikakuta hivyo hivyo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa mwenyewe kabisa.

Nilidhani nimepata suluhisho. Halafu nikamkumbuka yule jamaa wa stika ya ua. Yeye naye angejibu! Alikuwa amekaa kando ya ile laptopu miezi, pengine miaka. Angejua picha, angejua bawaba, angejua E. Kujua kitu cha mtu na kuruhusiwa kukigusa ni mambo mawili, na wanaotuumiza zaidi huwa ni wale wanaojua. Kwa hivyo swali la kwanza, unaijua?, halitoshi. Lazima kuwe na la pili: nani mwingine ataumia nikifungua? Na kama yupo na yuko hai, apigiwe simu. Basi. Kama skrini ina jina la msichana, niongee na msichana.

Kuna wenzangu wanaoniona mjinga. Wewe ni fundi au ni DCI? Mteja mwaminifu ukimuuliza maswali anajisikia mwizi, anavuka barabara kwenda kwa jirani asiyeuliza. Ni kweli, nimepoteza wateja. Na mwongo anaweza kunidanganya, hilo pia ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya mtu aliyepita mahali ambapo hakuna aliyemuuliza na mtu aliyelazimika kusema uongo akitazamwa machoni. Wa pili ameona miiba. Amechagua.

Hayo ni ya walio hai. Ya marehemu yalinijia mwaka jana, ndani ya kiondo.

Mama mmoja kutoka upande wa Kathonzweni aliingia, akatoa laptopu iliyofungwa kwa leso. "Mwanangu," alisema, "hii ni ya mzee. Alitutoka. Ina hesabu za chama, na watu wameanza kusema alikufa na pesa zao." Mumewe alikuwa mweka hazina. Wanachama 22, mikopo ya miaka, yote kwenye mashine, na pasiwadi kwenye kichwa kilichozikwa.

"Pole sana, mwaitu," nikamwambia. "Niachie mpaka kesho."

Jioni hiyo simu ililia. Shemeji yake, nduguye marehemu. Sauti ya mtu mzima, ya upole. "Kijana, nasikia una ile mashine. Ukishaifungua, niwekee kopi kwa flashi kabla hujamrudishia. Nitakutumia thao mbili. Ni mambo ya familia tu."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Nilisema, "Nitakupigia, mzee."

Usiku huo sikulala vizuri. Mama alikuwa mjane, ndiyo, lakini je, ni mwenyewe? Shemeji ni ndugu, je, yeye ni mwenyewe? Wale 22 wenye pesa zao ndani? Na marehemu mwenyewe, ambaye aliweka ile pasiwadi akiwa na sababu zake, tunamfuta tu kama ile faili?

Kuna mtu wa Kitui aliyenisaidia, ingawa alikwisha kufa. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka wa 1931, akafa Uswisi mwaka wa 2019. Kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Kwa kifupi: mtu akifa haondoki mara moja kwenye sasa. Maadamu kuna watu waliomfahamu na wanaomkumbuka kwa jina, bado ni wa jamii, ni marehemu aliye hai. Anaingia zamani pale wa mwisho aliyemfahamu anapokwisha. Wapo wasomi waliompinga Mbiti, hasa kuhusu maelezo yake ya wakati ujao, na hiyo ni vita yao. Mimi nilichokiona kibandani ni hiki: Locke anasema wewe ni kile unachokikumbuka, na Mbiti anasema bado upo kwa wale wanaokukumbuka. Yule mzee wa Kathonzweni hangeweza tena kukumbuka chochote. Lakini alikuwa na watu. Kama siwezi kumpigia simu mwenyewe, nitawaita wanaomshikilia kwenye sasa, na nitawaita pamoja.

Pamoja ndilo neno. Mmoja peke yake, hata awe mjane mwenye machozi, ni mtu mwenye mikono kando ya kisima usiku.

Nikampigia shemeji nikamwambia kopi hakuna, aje mchana kama wengine. Akakata simu. Nikampigia mama nikamwomba aje na shemeji, na bintiye mkubwa, na mtu wa chama, na barua ya chifu inayotaja warithi. Huyu ndiye aliyeniumiza. "Hata wewe huniamini?" Alikuwa amelipa bodaboda mara mbili tayari. Nikamweleza kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na kwamba hata yeye atalindwa kama watu watashuhudia. Alinyamaza. Sikujua kama ananielewa au amechoka tu.

Kuna jambo la lugha ambalo sikuwa nimeliona mpaka siku hiyo. Ile akaunti kubwa ya kompyuta, inayoruhusiwa kila kitu, inaitwa msimamizi. Na mtu anayepewa na mahakama kazi ya kushughulikia mali ya marehemu naye anaitwa msimamizi. Neno moja. Na kote mawili halina maana ya mwenye mali. Msimamizi anasimama pale kwa niaba ya wengine: anagawa, anahesabu, anajibu akiulizwa. Tumezoea kuona akaunti ya msimamizi kama cheo cha ubwana kwa sababu inaweza kufungua kila kitu. Lakini anayeweza kufungua kila kitu ndiye anayedaiwa maswali mengi zaidi.

Walikuja baada ya siku 12. Watu sita kwa kibanda cha watatu; kinyozi akatuazima viti. Barua ya chifu ilipita mkono kwa mkono. Shemeji alikuja, akasimama nyuma kabisa. Nikaweka flashi, nikafuta, nikawasha upya. Ilipofunguka, nikageuza skrini iwaelekee wao, nikahamisha stuli yangu mpaka mlangoni, nikawapa mgongo.

Hilo la mgongo nilijifunza mbali. Guka yangu wa Kitui alipofariki, wazee walitoa sanduku lake la bati chini ya kitanda, wakalifungua uani mbele ya kila mtu. Hati ya shamba ilisomwa kwa sauti. Risiti za ada, kadi ya ushirika, deni la mbuzi wawili, vyote vilisomwa. Chini kabisa kulikuwa na kifurushi cha barua kilichofungwa kwa uzi. Susu akanyosha mkono, akakichukua, akakiingiza kwenye leso yake. Hakuna mzee aliyesema neno. Kila mtu pale alijua mpaka uko wapi: cha jamaa kinasomwa uani, kilichobaki ni cha huyo mzee na aliyekuwa naye.

Sasa unataka kujua hesabu za chama zilisema nini. Hata mimi nilitaka. Nilisikia majina yakisomwa, nikasikia mtu akikohoa, nikasikia kimya kirefu. Sitasema zaidi, kwa sababu hazikuwa hesabu zangu na si zako. Lakini kitu kimoja kitakubalika. Binti alikuwa anashuka na faili moja moja, akafika mahali akasita, na mama akasema, "Hiyo wacha." Maneno mawili tu. Nikaisikia sauti ya susu kabisa.

Mwishoni wakaniuliza pasiwadi mpya nitaweka gani. Nikawaambia mimi siweki. Mama akasogea kwenye kibodi, akatazama herufi kama mtu anayechagua maharagwe, halafu akamwita binti. "Tuijue wawili," alisema. "Mmoja akisahau, mwingine yuko."

Binti aliandika. Nilisikia E ikigongwa kwa nguvu. Mama alikuwa anairudia kwa midomo bila sauti, mara tatu, nne. Mimi nilikuwa naangalia barabarani, makanga wa matatu ya Machakos akiita watu wawili wa mwisho.

"Ni ngapi, fundi?"

"Soo tano, mwaitu."